Kazi za Vijana wa Kilombero: Tuanze na Karakana

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mjini Ifakara mbele ya vijana waliohitimu mafunzo ya ufundi pamoja na wazazi wao.



Nimeombwa niseme machache juu ya nafasi za kazi na juu ya hizi kampuni changa za teknolojia zinazosifiwa kila mahali. Nimekubali kwa furaha, lakini si bila wasiwasi. Wasiwasi wangu ni kwamba neno "kampuni changa" limeanza kutumika kama lilivyotumika zamani neno "mfadhili". Likitajwa tu, watu hukaa kitako wakingoja. Sikuja hapa kuwaambia mngoje. Nimekuja kuuliza swali moja: katika bonde hili lenye mpunga, miwa, maji, reli na umeme, kwa nini kijana mwenye cheti cha ufundi anahesabu siku za kupanda basi kwenda Dar es Salaam?

Tazameni mambo yanavyokwenda wakati wa mavuno. Malori huingia Ifakara, hujazwa magunia, huondoka. Baada ya mavuno mabasi nayo huondoka, yamejaa vijana. Gunia la mpunga na kijana aliyeulima mpunga ule huliacha bonde kwa njia moja. Zamani tulisema kikwazo ni njia. Leo njia ipo. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na wasafiri wa kwenda Ulanga na Malinyi hawaombi tena Mungu wawapo juu ya pantoni. Tunashukuru. Lakini hapana budi tukiri kwamba njia nzuri hupitisha mambo mawili: hupitisha kinachoingia na hupitisha kinachotoka. Kama sisi wenyewe hatuundi kitu, njia nzuri itatuletea kwa haraka zaidi vitu vilivyoundwa na wengine, na itawachukua kwa haraka zaidi watoto wetu.

Ndugu zangu, bonde hili halikuwa hivi daima. Wazee waliomo humu ndani wanakumbuka. Ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa kwa serikali za nchi mbili mwaka 1976. Wengi hukumbuka madaraja na mahandaki. Mimi nataka mkumbuke Mang'ula. Wajenzi kutoka China walikuwa na kambi kubwa pale, na katika kambi ile palikuwa na karakana ya kutengenezea vipuri na zana za ujenzi. Vijana wa Kitanzania, wengi wao watoto wa wakulima ambao hawajapata kushika kifaa kingine cha chuma isipokuwa jembe na panga, walijifunza kuchomelea, kuchonga chuma na kukisoma chombo kwa macho na masikio. Ujenzi ulipokwisha, mahali pale pakawa kiwanda cha zana na vipuri cha Mang'ula.

Kiwanda kile baadaye kilidhoofika, kikasimama kwa miaka mingi. Sababu zake ni nyingi, na sikuja hapa kumtafuta wa kulaumiwa. Nataka tulione jambo moja tu. Siku kiwanda kilipozimika, haja ya nati haikuzimika. Mashine za kukoboa ziliendelea kuharibika. Matrekta yaliendelea kukatika ekseli. Tofauti ni kwamba tangu hapo nati ilitoka mbali, na ujira wa kuichonga ukalipwa mbali. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkulima wa Mlimba ambaye pawatila yake imekufa katikati ya msimu, anayengoja kipuri kiletwe kutoka Dar es Salaam, anaijua methali hiyo kuliko mimi.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kumpata mwajiri mmoja mkubwa. Mwajiri mkubwa ana faida zake. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kimelisha nyumba nyingi tangu miaka ya 1960, na wakulima wadogo wa miwa wamejenga kwa sababu yake. Lakini tusisahau Mngeta. Kuanzia mwaka 2008 kampuni ya kigeni ililima mpunga pale kwa mashine kubwa, katika shamba la maelfu ya hekta, kwa matumaini makubwa. Miaka kama kumi baadaye ilielemewa na madeni. Mti mmoja mkubwa ukianguka, kivuli chote huondoka nao. Miti midogo mia moja haianguki siku moja.

Sasa nije kwenye teknolojia. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri juu ya simu tu. Simu ni jambo kubwa, sikatai. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, hapana aliyetabiri kwamba kila kijiji kitakuwa na wakala mwenye kiti, meza na mwavuli, na kwamba mkulima atapokea malipo ya mpunga wake bila kulala njiani na fedha mfukoni. Hizo ni kazi halali zilizozaliwa na teknolojia. Lakini simu haipuri mpunga. Inaweza kumwambia mkulima bei ya mchele mjini kabla dalali hajamdanganya. Inaweza kumwonyesha nani ana mashine ya kukodisha na lini ina nafasi. Ile mashine yenyewe lazima iundwe na mtu, na ikiharibika lazima itengenezwe na mtu. Mtu huyo kwa nini asiwe wewe?

Mtaniambia: mambo ya uvumbuzi ni ya Ulaya na Marekani. Nawajibu kwamba mnaishi katika mji wa uvumbuzi bila kujua. Mwaka 1949 mtaalamu kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, na katika miaka ya 1950 pakaanzishwa hapa maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara ile ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa leo na wataalamu wa Afrika na kujulikana duniani kote. Katika miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilifanyiwa mpango wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida aliiweza. Vyandarua vile viliitwa Zuia Mbu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kwa watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa, uhai uliongezeka kwa asilimia 27. Ushahidi huo ulitoka katika nyumba zenu. Mama zenu ndio waliojibu maswali, na damu iliyopimwa ilitoka katika vidole vya ndugu zenu.

Lakini je, kazi za vyandarua zilikwenda wapi? Miaka michache baadaye, kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya kudumu kwa utaalamu uliotoka Japani, kikaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Ni fahari ya taifa, nami sina kinyongo na Arusha. Hata hivyo ni haki kusema kwamba Kilombero ilitoa ushahidi, na mahali pengine pakapata ajira.

Sasa liko jambo jipya, na tusilikose. Wataalamu wa Taasisi hiyo hiyo wamejaribu katika vijiji vya bonde hili utepe wa kitambaa cha katani uliotiwa dawa, unaofungwa kwenye uwazi kati ya ukuta na paa, ili kumfukuza mbu asimfikie hata mtu aliyekaa nje akipika au kuzungumza. Wamejaribu pia viti na kandambili zenye dawa. Vitu hivi havihitaji kiwanda cha mabilioni. Vinahitaji fundi cherehani, seremala, fundi wa viatu na mkonge, na mkonge unalimwa katika mkoa wetu wenyewe wa Morogoro. Dawa na kipimo chake ni kazi ya wataalamu, na idhini ni kazi ya serikali. Hilo lisichezewe hata kidogo. Lakini siku idhini itakapopatikana, je, atakuwapo hapa Ifakara fundi aliyejiandaa, mwenye karakana safi na kikundi kilichoandikishwa? Au tutasimama tena kando ya barabara tukipokea maboksi?

Arusha inanipa mfano mwingine. Dk. Askwar Hilonga, mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela, alitengeneza chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza, akiwa mshindi wake wa kwanza. Alianza na maji ya kwao yenye madini yanayoharibu meno na mifupa, wala hakuanza kwa kuuliza dunia inataka nini. Hiyo ndiyo maana halisi ya kampuni changa: mtu ameona shida ya jirani yake, ameibuni dawa, ameijaribu mpaka ikakubali, na jirani yuko tayari kuilipia.

Basi tuulizane shida za majirani zetu hapa. Mpunga mwingi bado hupigwa kwa mikono na kuanikwa kando ya barabara, ukachanganyika na mchanga, ukapasuka kwa jua, ukatoka chenga mashineni, na bei ikaanguka. Nani atatuundia mashine ndogo ya kupura inayofungwa nyuma ya pikipiki? Makapi ya mpunga yamerundikana kama vilima nyuma ya vinu. Wenye tanuri za matofali huyatumia, lakini yanabaki mengi. Nani atatufanyia jiko linaloyachoma vizuri, ili mama asikate mti? Mkulima bado anauza kwa lumbesa kwa kuwa hana mizani anayoiamini. Hizo ni nafasi za kazi. Hazikutangazwa gazetini, lakini ziko wazi tangu zamani.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwadanganye vijana. Kampuni changa nyingi hufa, nazo hufa kwa sababu zinazojulikana. Nitataja tatu, na kila moja ina mtu wa kuishughulikia.

Ya kwanza ni karakana. Kijana huhitimu leo, na kesho hana mahali pa kushika mashine ya kuchongea chuma. Kule shuleni na vyuoni mashine zimefunikwa turubai tangu saa tisa alasiri. Naomba zifunguliwe jioni kwa wahitimu, chini ya usimamizi na kwa ada ndogo. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji ufunguo na mtu mwaminifu wa kuushika.

Ya pili ni mtaji. Benki huuliza hati ya nyumba, na kijana hana nyumba. Lakini sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024. Nawasihi viongozi wetu wasiione kuwa sadaka ya kugawiwa wanaojulikana. Na nawasihi vijana wasiikope kununua mpunga kwa bei ya njaa na kuuhodhi. Kumlangua mkulima si teknolojia. Ni ukupe ule ule uliovaa shati jipya.

Ya tatu ni soko. Tunapenda kusema "nunua cha nyumbani", kisha shule yetu inaagiza madawati mbali. Fundi hakui kwa kupigiwa makofi, hukua kwa oda. Halmashauri, hospitali, shule na hata Taasisi zetu za utafiti, kila zinunuapo kitu, ziulize kwanza kama fundi wa bondeni aweza kukifanya kwa ubora ule ule. Na fundi naye aelewe maneno "ubora ule ule". Lango likianguka mwezi wa pili, atakuwa amewafungia mlango mafundi wote watakaomfuata.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakuwa na maana kwamba kila mtoto alime tu. Maana yake ilikuwa elimu imwandae mtu kuitumikia jamii anamoishi, kwa akili na kwa mikono. Nyakati zimebadilika, na uchumi wetu umebadilika, lakini sharti hilo halijabadilika. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA. Reli ikifufuka itahitaji tena watu wa kuchomelea na kuchonga. Safari ya kwanza babu zenu walifundishwa wakiwa kazini. Safari hii mna vyeti mikononi. Itakuwa aibu kubwa kama reli itapita Mang'ula na Ifakara ikiwa na mafundi waliotoka kwingine, na ninyi mkaipungia mkono.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Kabla ya kukata tiketi, kaeni watatu au wanne wenye ufundi mbalimbali: wa chuma, wa umeme, wa hesabu, wa simu. Nendeni kwa mkulima mmoja tu, mumwulize ni kitu gani kilimpotezea magunia mwaka huu. Msimpe jibu siku hiyo. Rudini mkatengeneze kitu, mkipeleke kwake, kiharibike, mkirekebishe, mkipeleke tena. Siku atakapowalipa bila kushawishiwa, mtakuwa mmepata kazi. Na msimu utakaofuata, jirani yake akiwaita, mtahitaji kumwajiri mtu wa tano.