Asilimia Kumi Yetu Inatoka Wapi?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Habari za sanduku letu, hisa zetu na faini zetu zimeelezwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa nafasi tuzungumzie fedha ambazo hazimo sandukuni, lakini zinatuhusu: fedha za halmashauri.

Halmashauri ina vyungu viwili. Chungu kikubwa ni ruzuku ya Serikali Kuu. Humo hutoka mishahara ya walimu na wauguzi, na fedha nyingi za miradi. Chungu kidogo ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na stendi, leseni, vibali na ushuru wa huduma. Tangu mwaka 1982 ipo sheria ya fedha za Serikali za Mitaa. Mwaka 2018 iliongezwa humo kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Hebu tupige hesabu ya mfano tu. Halmashauri ikikusanya shilingi milioni 1,000, fungu la wanawake ni milioni 40. Vikundi vikiwa 80, kila kimoja ni laki tano. Jamani, hiyo haitoshi hata kununua mashine ya kusaga! Na fungu hili halihesabiwi kwenye ruzuku. Kwa hiyo chungu kidogo kikipungua, na sisi tunapungua.

Nacho hupunguzwa. Wazee wetu wanakumbuka mgambo walivyokuwa wakisaka stakabadhi za kodi ya maendeleo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, nasi tulishangilia. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hapo ndipo tunapojikwaa. Mama yule yule anayefurahi kutozwa kidogo kwenye gunia lake la mahindi ndiye anayelalamika kwamba fungu la akina mama ni dogo. Hatusemi ushuru upandishwe. Tunasema Serikali Kuu ikichukua chanzo au ikikipunguza, basi ifidie, na fidia ifike kwa wakati. Halmashauri ikikosa fedha za kupanga yenyewe, hubaki kusubiri maelekezo. Na Katiba, ibara ya 145 na 146, inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini ndugu zetu, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na sisi tuna kosa. Mkopo wetu wa kwanza tulichelewa kuurejesha miezi saba. Wengine tulisema, "Ah, hiyo ni hela ya Serikali!" Kumbe ilikuwa zamu ya kikundi kingine kinachosubiri. Aprili 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine ni hewa, Serikali ilisimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Sisi tulikuwa tumekwisha kuomba mkopo wa pili wa mashine ya kukamua alizeti. Mwenzetu mmoja alikuwa ameshauza mbuzi wake wawili alipie banda. Banda lilikaa tupu mwaka mzima, na yeye hakutulaumu hata siku moja. Aibu ile hatujaisahau. Mwaka 2024 mikopo ilifunguliwa tena kwa utaratibu mpya, na maombi yetu yamekwisha kupelekwa.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Kwanza, mkopo ukija, rejesho litatolewa siku ile ile ya hisa, kabla ya chai. Pili, kila mwanachama akilipa ushuru sokoni adai stakabadhi, maana shilingi isiyo na stakabadhi haiingii kwenye asilimia 10 ya mtu yeyote. Tatu, hatutakosa mkutano mkuu wa kijiji. Mapato na matumizi yanapaswa kusomwa hapo kila baada ya miezi mitatu. Tukikaa nyumbani, yatasomewa viti.

Ndugu mgeni rasmi, daftari letu liko wazi mezani, ukurasa wa madeni pia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba na daftari la halmashauri lifunguliwe hivyo hivyo.

Akina mama, hoyee!