Kuutawala Moto wa Injini

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu. Kazi yangu serikalini ni kusimamia magari. Sitawachosha kwa habari za mafaili. Nitasema juu ya moto unaowaka ndani ya injini, maana nimeona fedha nyingi za umma zikiteketea kwa kutoelewa mambo mawili yanayofundishwa katika madarasa haya haya: jinsi mafuta yanavyochanganyika na hewa, na jinsi joto linavyosafiri.

Tuanze na mchanganyiko. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita moja ya petroli hula karibu lita 9,000 za hewa. Mafuta yakizidi, hutoka moshi mweusi pamoja na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa ikizidi mno, injini hukosa nguvu na kukatakata. Kuitunza hesabu hiyo ilikuwa kazi ya kabureta zamani. Siku hizi ni kazi ya nozeli na kompyuta.

Lakini kipimo peke yake hakitoshi. Wanafunzi wa fizikia, fanyeni hesabu hii pamoja nami. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Basi pistoni hushuka kutoka juu hadi chini kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika mchanganyiko uliotulia, moto husafiri chini ya nusu mita kwa sekunde. Toka plagi ya katikati hadi ukuta wa silinda, tuseme sentimita 4, moto huo ungetumia kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Pistoni ingekwisha kupanda na kushuka mara tano! Injini isingefanya kazi hata kidogo.

Inafanya kazi kwa sababu mchanganyiko ule haukutulia. Unavurugwa, unazungushwa, na moto unakimbizwa kama moto wa nyika wakati wa upepo. Mwingereza Harry Ricardo, aliyeishi kuanzia mwaka 1885 hadi 1974, alilitazama jambo hili kwa makini. Alishughulika na ugonjwa wa injini kugonga. Plagi inapowasha moto, mchanganyiko uliobaki pembeni hubanwa na kupata joto, na ukikawia kufikiwa na moto hulipuka wenyewe kwa ghafla. Ndio mgongo ule unaosikika gari linapopanda mlima, na ukiachwa huweza kutoboa pistoni. Mwaka 1919 Ricardo alipata hataza ya silinda hedi yenye umbo jipya. Pistoni ikifika juu hukaribia sana sehemu moja ya hedi, na mchanganyiko uliokuwa hapo hufyatuliwa kwa nguvu kuelekea kwenye plagi. Moto ukaenda mbio, na sehemu ya kujilipukia ikapungua. Hakuongeza kitu katika mafuta. Alibadili umbo la chuma.

Huko Marekani njia nyingine ilifuatwa. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba risasi kidogo ikitiwa katika petroli huzuia kugonga. Ilijulikana pia kwamba spiriti huzuia, lakini risasi ndiyo iliyopendelewa, maana ilitakiwa kidogo tu. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa walikufa katika viwanda vya kuitengeneza, lakini biashara ikaendelea. Risasi ile ilitoka na moshi ikaingia katika vifua na damu za watu, ikadhuru zaidi akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ilipofika mwanzo wa 2006 zilikuwa zimekwisha kuiondoa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Miaka mia ya sumu, kwa ajili ya njia ya mkato.

Sasa joto. Moto wa silinda hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi, na alumini ya pistoni huyeyuka chini ya nyuzi 660. Mbona haiyeyuki? Kwa sababu moto ule ni wa kitambo kidogo mno, na joto linaloingia hupita katika ringi, likaingia ukutani, likachukuliwa na maji mpaka kwenye rejeta. Kwa kukadiria, katika injini ya petroli theluthi ya joto hufanya kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi huondoka na maji.

Hapa ndipo tunapoharibu. Katika ofisi moja nilikuta karibu magari yote yameondolewa themostati, kile kidude cha nta kinachofungua njia ya maji injini ikipata joto la nyuzi 80 na kitu. Fundi alisema, "Mzee, nchi yetu ni ya joto, hiki ni cha Wazungu." Jibu hilo lasikika kuwa la busara, lakini si kweli. Injini haijui Ulaya wala Afrika. Inajua nyuzi zake. Ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Huganda ukutani, huosha oili, hushuka chini na kuifanya oili nyepesi. Silinda zinalika, mafuta yanaliwa. Tena katika injini za aina fulani, themostati ikiondolewa, maji mengine huzunguka bila kupita katika rejeta, na gari lililokusudiwa kupozwa ndilo linalochemsha!

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima huyabana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukilegea, gari huchemka mlimani bila ugonjwa mwingine wowote. Kwa sababu hiyo hiyo, vijana, msifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Maji yale yanangoja nafasi tu ya kulipuka usoni.

Ndugu zangu, joto si adui wa kufukuzwa, na moto si wa kuachiwa. Vyote viwili vinataka kipimo, na kipimo kinataka elimu. Kwa hiyo natoa hoja: sisi wanafunzi wa zamani tuchange tununue injini moja kuukuu, ikatwe ubavuni, iwekwe katika maabara ya shule, ili kijana aone kwa macho pistoni, njia za maji na chumba cha moto. Mimi niko tayari kuanza kutoa mchango wangu leo, na Jumamosi nitakayopangiwa nitakuja kuwaeleza wanafunzi.