Kwa Nini Daraja Lianze Kujengwa Ndani ya Kompyuta
Hotuba ya Mhandisi wa Wilaya katika mkutano wa hadhara wa wananchi wa kata



Nimeulizwa swali la haki: kwa nini mto wetu upimwe na kuigwa katika kompyuta kwa miezi kadhaa, ilhali watoto wetu wanauvuka kwa miguu kwenda shule? Naomba nijibu kwa kisa cha kweli.

Tarehe 5 Aprili 1987, katika jimbo la New York nchini Marekani, daraja la barabara kuu lililovuka kijito cha Schoharie liliporomoka wakati wa mafuriko. Watu 10 walipoteza maisha. Daraja hilo halikuzidiwa na uzito wa magari. Maji yalikuwa yamechimba udongo chini ya msingi wa nguzo, mahali ambapo macho ya wapita njia hayafiki.

Maji yaendayo kasi hayasafiri kwa mstari ulionyooka. Yanapoigonga nguzo, huteremka, hujisokota, na kuchimba mchanga kama keekee itobowavyo ubao. Kasi yake ikiongezeka mara 2, nguvu ya kusukuma huongezeka mara 4. Mafuriko yakipungua, mchanga huweza kurudi na kulifukia shimo, nasi tukitazama huona mto umetulia.

Ndiyo sababu ya kutumia kompyuta. Huugawa mto katika vyumba vidogo vidogo, hata mamilioni, na kukokotoa kwa kila chumba maji yanayoingia, yanayotoka, kasi yake na msukumo wake. Hapo twaweza kuuliza: nguzo ikisogezwa, shimo litapungua? Tuta likiinuliwa upande huu, maji yatamwendea nani ng'ambo? Ni heri kukosea huko kuliko kukosea kwenye zege.

Lakini sitawaficha jambo. Mizunguko ya maji iliyo midogo kuliko vyumba hivyo haihesabiwi mmoja mmoja, hukadiriwa. Makadirio hayo husahihishwa kwa vipimo vya mto wenyewe, na hapo ndipo tunapowahitaji ninyi. Alama ya tope ukutani, tawi lililonasa takataka za mafuriko, kumbukumbu ya bibi kuhusu mwaka ambao maji yaliingia jikoni: hivyo vyote ni vipimo. Ikiwa hesabu zetu zasema maji hayakuufikia ukuta, na tope lipo, basi hesabu ndizo zenye kosa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Waonesheni wapimaji alama hizo, wala msing'oe vigingi vyao. Msichimbe mchanga karibu na mahali pa daraja. Msitupe taka katika makalavati, kwa kuwa hesabu iliyofanywa kwa kalavati lililo wazi haitalilinda lililozibwa.

Na hadi daraja litakapokamilika, mtoto asiruhusiwe kuvuka mto uliofurika, hata kama atakosa masomo siku hiyo.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Wajibu wetu ni kuujua mkondo huo kabla ya kusimamisha nguzo ndani yake.