CHAKULA CHA ASUBUHI NA MASOMO YA WATOTO WETU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitengela na Kajiado



Kamati imeniomba niseme machache juu ya chakula cha asubuhi cha watoto wetu wa sekondari. Huenda mtu akauliza, jambo la jikoni laingiaje katika mkutano wa chama cha wafanyakazi? Laingia kwa sababu ya saa za kazi na kwa sababu ya mshahara. Nisikilizeni.

Wengi wetu twalala Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, na kazi zetu ziko Athi River, katika Kaunti ya Machakos: viwanda vya saruji, na viwanda vya nguo vya EPZ. Mwenye zamu ya asubuhi hutoka nyumbani gizani. Mtoto hubaki nyuma avae, afunge mlango, ashike njia. Akipata kikombe cha chai ya rangi, sisi husema amekunywa chai. Lakini je, amekula?

Na tuhesabu. Mtoto aliyekula saa 2 usiku, asipokula asubuhi, amekaa saa 14 ifikapo mapumziko ya saa 4. Akikosa kitu hapo pia, mpaka saa 7 mchana ni saa 17. Ubongo wa mtu hutumia kama sehemu moja katika tano ya nguvu za mwili hata akiwa ametulia tu. Basi mtoto huyu atafanyaje hesabu?

Wataalamu Christel Vermeersch na Michael Kremer walilichunguza jambo hili magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shule za watoto wadogo. Shule 25 zilipikiwa uji asubuhi, na 25 nyingine hazikupikiwa. Penye uji, mahudhurio yalizidi kwa asilimia 30 hivi. Lakini alama za mtihani zilipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa amepata mafunzo mazuri tangu mwanzo. Tena kupika na kugawa kulipunguza saa za kusoma. Watoto wale walikuwa wadogo kuliko wetu, lakini fundisho latufaa: uji humleta mtoto darasani, mwalimu ndiye humfundisha. Vyote viwili vyatakiwa. Mtu asiwadanganye kwamba kimoja chatosha.

Sasa nani amlishe mtoto wa sekondari? Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza mwaka 1979, yalikuwa ya shule za msingi. Mpango wa serikali wa chakula shuleni wa mwaka 2009 nao ulianzia shule za msingi za sehemu kavu. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipa karo ya sekondari za kutwa, lakini chakula kiliachiwa mzazi. Na ndugu zetu wafugaji wa Kajiado wajua ukame wa 2020 hadi 2023 ulivyowaua ng'ombe. Nyumba iliyozoea maziwa asubuhi ilibaki na chai tupu. Kwa hiyo tumbo la mtoto huyu lategemea mshahara wetu.

Haya twaweza kuyafanya nyumbani:

1. Uji wa wimbi au wa mahindi upikwe usiku, utiwe moto katika chupa ya chai. Mtoto ataukuta tayari. Pakiwa na maziwa, yaongezwe. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana vyafaa pia.

2. Chai isinywewe pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, na wasichana waliokwisha vunja ungo ndio wanaoyahitaji zaidi. Ingoje saa moja.

3. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa 1 na robo asubuhi. Wengi hawalijui jambo hili. Kama mtoto wako huitwa mapema kuliko hapo, simama katika mkutano wa wazazi uulize kwa adabu, tena usiulize peke yako.

Na haya ni ya chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kupatana na mwajiri kwa pamoja. Kifungu cha 53 champa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Basi tunapokwenda kupatana, tusiseme mshahara peke yake. Tuseme pia juu ya zamu: mzazi mwenye mtoto wa shule, ambaye hana mtu mwingine nyumbani, apewe nafasi ya kuchagua zamu isiyomtoa kabla mtoto hajaamka.

Naomba kila mjumbe wa kiwanda afanye kazi moja kabla ya mkutano ujao. Awaulize wanachama wake: ni watoto wangapi wa sekondari walitoka nyumbani wiki hii bila kula, na kwa sababu gani? Ni fedha, au ni saa? Aandike jibu, alete. Manung'uniko mwajiri ameyazoea. Hesabu iliyoandikwa itambidi aijibu.

Hayo ndiyo niliyo nayo. Umoja ni nguvu.