Nasi wa Watoto Afundishwe, Kisha Arudishwe Wodini

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Changamwe, Likoni na Kisauni)



Jambo nitakalolisema leo wengine watadhani si la chama cha wafanyakazi. Tumezoea kukutana kwa habari za mishahara, saa za ziada na kodi za nyumba. Lakini mtu ambaye mtoto wake yu mahututi hawezi kufanya kazi, na kibarua asiyefika kazini hapati kitu siku hiyo. Tena tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Fedha ni zetu na watoto ni wetu. Basi tuna haki ya kuuliza: mtoto akifikishwa hospitali, ni nani anayempokea, naye amefundishwa nini?

Daktari hupita wodini, akatazama, akaandika, akaenda kwa wagonjwa wengine. Anayebaki usiku kucha ni nasi. Yeye ndiye mwenye kupima homa, kutoa dawa na kuangalia dripu, na hali ikigeuka saa nane za usiku, yeye ndiye wa kwanza kuona au kutoona.

Ndugu zangu, mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtu mzima husema, "Kifua chaniuma." Mtoto wa miezi 4 hana la kusema ila kulia, na akizidiwa sana huacha hata kulia. Asiyejua humwona amenyamaza akadhani amepata nafuu. Aliyefundishwa humfunua kifua, akahesabu pumzi zake dakika moja nzima. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akivuta pumzi 60 au zaidi, hiyo ni hatari. Kutoka miezi 2 mpaka mwaka ni 50, na kutoka mwaka 1 mpaka miaka 5 ni 40. Mwenye kuharisha humtazama macho kama yameingia ndani, akamfinya ngozi ya tumbo aone kama yarudi upesi au polepole. Mambo haya hayahitaji mashine ya fedha nyingi. Yahitaji mtu aliyefundishwa, na saa yenye mshale wa sekunde.

Dawa nazo hupimwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 12 hupewa mara mbili ya yule wa kilo 6. Makarani wa tali mliomo humu mwajua nukta ikikaa mahali pasipo pake huleta nini. Ghalani itapotea hesabu, na hesabu hurekebishwa kesho yake. Wodini mtoto atapewa dawa mara kumi ya kiasi chake, na hilo halirekebishwi.

Nitawapa mfano uliotokea jirani yetu. Huko Kilifi pana kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1989. Wataalamu wa hapo, pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania, waliwachunguza watoto 3,141 walioletwa hospitali na homa kali huku damu haitembei vizuri mwilini. Desturi ya vitabu ilikuwa kuwatilia watoto kama hao maji mengi ya mshipa kwa haraka. Majibu yalitolewa mwaka 2011, yakawashangaza wengi. Katika kila watoto 100 waliotiliwa maji kwa haraka, kiasi cha 10 au 11 walikufa kabla ya saa 48. Wale ambao hawakutiliwa kwa haraka walikufa kiasi cha 7. Basi fikirini: maji yale yale yaliyoharakishwa kwa nia njema yalizidisha vifo. Na anayefungua na kubana mpira wa dripu ni nani? Ni nasi. Tena mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha ana utaratibu wake mwingine, naye huhitaji maji kweli. Kumjua huyu na yule, hiyo ndiyo elimu tunayoisema.

Elimu hii si jambo jipya la kuzuliwa. Mjini London hospitali ya watoto ya Great Ormond Street ilifunguliwa mwaka 1852 kwa vitanda 10 tu, na mwaka 1878 ikaanza kufundisha nasi wa watoto kwa utaratibu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1919 ikawapa nasi wa watoto wagonjwa orodha yao rasmi. Hapa Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, yaani KMTC, kilichoanza mwaka 1927, hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto. Nasi aliyekwisha hitimu na kufanya kazi husoma mwaka mmoja zaidi. Njia ipo. Linalobaki ni nani apelekwe, na nani alipe.

Sasa tutazame huku kwetu bara. Mtoto wa Likoni akizidiwa, huvushwa kwa feri kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani. Wa Kisauni hupitia daraja la Nyali. Wa Changamwe hupitia Makupa pamoja na malori ya bandarini. Kila mmoja wetu ajua foleni ya njia hizo. Kwa hiyo nasi wa kwanza kumshika mtoto, huku huku bara, ndiye anayeamua kama atafika kisiwani akiwa hai. Kuweka ujuzi wote kisiwani ni kama kuweka mtungi wa kuzimia moto ng'ambo ya maji.

Na tusiwasahau vijana, wa miaka 10 mpaka 19. Msichana wa miaka 14 wodi ya watoto humwona mkubwa, na wodi ya wanawake humtia hofu. Huku pwani ugonjwa wa selimundu uko, na wapo wenye kisukari, pumu na virusi vya Ukimwi tangu utotoni. Akifika umri huo kijana huona haya, akaacha dawa bila kumwambia mama. Nasi aliyefundishwa hujua kumweka kando akaongea naye peke yake, asimkaripie, na asiitoe siri yake nje.

Mtu atasema: nasi wenyewe ni wachache, tukimtoa mmoja kwenda kusoma, wodi itabaki na nani? Hoja hiyo ni ya kweli, wala nasi wasibebeshwe lawama. Mwaka 2017 waligoma tangu Juni mpaka Novemba kwa ajili ya mapatano ya mishahara, na sisi wazazi tuliumia pamoja nao. Ndiyo sababu nasema tudai mambo manne kwa pamoja, maana moja likikosekana mengine hayafai.

La kwanza, kila mwaka Port Reitz, Likoni na Kisauni kila mahali patoe nasi mmoja kwenda kusomea watoto, kwa likizo ya mshahara kamili. Anayekwenda Nairobi ana kodi ya chumba huko, na watoto wake wamebaki hapa.

La pili, aajiriwe wa kushika nafasi yake mwaka huo, wenzake wasifanye zamu mbili.

La tatu, akirudi apangwe wodi ya watoto na akae hapo. Bandarini dereva aliyefundishwa kreni hapewi ufagio. Nasi aliyesomea watoto akiwekwa chumba cha kadi, mwaka mzima wa masomo umetupwa baharini.

La nne, apandishwe daraja na mshahara. Asipopata faida ya elimu yake hapa, ataipeleka ng'ambo.

Afya ni kazi ya serikali ya kaunti tangu mwaka 2013. Kila mwaka kaunti hupeleka mpango wa fedha katika bunge lake kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba yataka wananchi washirikishwe. Ombi la mwezi wa Juni limechelewa. Nashauri kila tawi liandike barua mapema, lichague watu watatu, mmoja wao mama, wakae kwanza na wenzetu wa chama cha wauguzi, kisha waende kwenye baraza la makadirio na mambo hayo manne mkononi. Wasiombe "huduma bora," maana neno hilo kila mtu hulikubali na halina bei. Waulize ni nasi wangapi watakaokwenda kusoma mwaka huu, kutoka hospitali gani, na fedha zao ziko ukurasa wa ngapi.

 Sasa mwenye swali na aulize.