Ndege Iliyoamshwa Jangwani

Mwaka 1972 Jeshi la Anga la Marekani liliilaza katika jangwa la Arizona ndege aina ya WB-57F, iliyoundwa kupaa zaidi ya mita 18,000 na kunasa vumbi la majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mwaka 2011 shirika la NASA liliichukua, likaitengeneza, na mwaka 2013 ikaruka tena, safari hii kwa ajili ya uchunguzi wa hewa. Tunafurahi, lakini tusisahau: ndege ya aina hiyo hiyo imewahi kuyahudumia majeshi vitani Afghanistan. Chombo hakijitumi, hutumwa. Basi tusichoke kuuliza: kinatumwa na nani, na kwa faida ya nani?