Bega Lililotulizwa kwa Saa 72

Ndugu wahitimu wa fiziotherapia, hongereni sana. Vigelegele nimevisikia tangu getini, kwa hiyo sitawaweka sana juani.

Dakika nilizopewa nazitumia kwa bega. Gegedu la pale mnalijua: jembamba, jeupe, linateleza, halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hulishwa na ute wa kiungo. Likibanwa hukamuka, likiachiwa hunyonya, kama sponji. Daktari William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Vifaa tumeongeza, lakini gegedu la asili bado hatujui kulirudisha.

Sasa sikieni yaliyotokea Marekani. Vijana wenye afya zao walipasuliwa bega, kisha wakawekewa pampu ndogo iliyodondosha dawa ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe kwa saa 48 hadi 72. Maumivu yakatulia, nani angelalamika? Kumbe seli za gegedu zinakufa. Wengine walianza kuona dalili mwezi wa pili tu baada ya kuwekewa dawa hiyo: bega linauma upya, linakaza. Novemba 2009 mamlaka ya dawa ya huko ikatangaza taarifa za wagonjwa 35, karibu wote wa bega. Zaidi ya nusu walirudi kupasuliwa, baadhi wakawekewa kiungo bandia. Na kiungo bandia huchakaa. Kijana ana miaka mingi ya kukitumia.

Kumwondolea mtu maumivu ni kazi njema, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni dawa kuachwa mahali kwa siku tatu kabla ya kujua inafanya nini pale.

Basi akija kwenu aliyepasuliwa bega, alikuwa anaendelea vizuri, leo hawezi hata kuchana nywele, na ukimzungusha mkono unahisi mkwaruzo chini ya kiganja chako, usimwongezee uzito kwa kudhani ni mvivu. (Tunapenda mno kudhani hivyo, hasa foleni ikiwa ndefu.) Soma faili lake, uliza kiungoni kiliwekwa nini, mpigie daktari aliyempasua siku hiyo hiyo. Mazoezi ya taratibu yatamtunzia misuli na mwendo uliobaki. Gegedu hayaoteshi, naye aambiwe hivyo waziwazi, hata kama mama yake amekaa pembeni anawatazama kwa matumaini.

Msajili, karibu usome majina.